Doa Halitoki: Limetokana na Nini, na Umeshalipaka Nini?

Nguo nyingi zinazoishia kuwa matambara hazikuharibiwa na doa. Ziliharibiwa na kilichofuata: maji ya moto juu ya damu, jiki juu ya kutu, pasi juu ya utomvu ambao ulikuwa haujaanza kuonekana. Doa bichi kwa kawaida hutoka. Doa lililokwisha kupigwa pasi au kumwagiwa jiki ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kile unachokiona kwenye nguo sasa hivi, ndipo uje kwenye sababu na dawa yake. Tafuta dalili inayofanana na yako, ufuate hiyo peke yake. Kupaka dawa tatu kwa mpigo ndiko kunakoua nguo.

Kabla hujagusa chochote, kijue kitambaa. Pamba huvumilia mengi. Hariri na sufu hazivumilii jiki hata kidogo, kwa sababu jiki huzila nyuzi zenyewe. Nguo nyingi za mitumba bado zina lebo ndani, na lebo hiyo ina pembetatu: ikiwa tupu, jiki inaruhusiwa, ikiwa na mistari miwili ya mshazari ndani yake, tumia vile vya kung'arisha visivyo na klorini tu (yaani si jiki), ikiwa imekatwa msalaba, usitumie cha kung'arisha chochote. Kama lebo haipo, vuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, ushike kwa koleo, uuwashe kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua. Na dawa yoyote utakayoitumia, ijaribu kwanza kwenye pindo lisiloonekana, usubiri dakika chache, ukandamize kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye kitambaa hicho, achana na dawa hiyo.

Doa la njano limegeuka jekundu nilipopaka sabuni

Umemwagikiwa mchuzi au biriani, umepaka sabuni ya mche, na ghafla doa limekuwa jekundu kabisa. Wengi hapa hushtuka na kukimbilia jiki. Tulia, nguo haijaharibika. Ni manjano hayo. Rangi iliyomo kwenye manjano, kurkumini, hubadilika kufuatana na kilichoigusa: ikikutana na sabuni au magadi huwa nyekundu, ikikutana na ndimu au siki hurudi kuwa njano. Wekundu huo una faida. Unakuthibitishia kuwa doa ni la manjano na si la nyanya wala mawese, tena unakuonyesha limefika wapi hasa.

Kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji, bali kwenye mafuta na spiriti. Ndiyo sababu unaweza kusuuza ndoo tatu na doa likabaki pale pale. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja juu ya doa kavu, bila maji. Fikicha taratibu kwa vidole, acha robo saa, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu. Rudia mara ya pili. Kitakachobaki kipeleke juani. Mwanga wa jua huivunja rangi ya manjano, na sijui dawa ya dukani inayoshinda jua la saa sita mchana kwa doa hili. Anika nguo ikiwa bado na unyevu, doa likitazama juu, na jioni utaona tofauti. Likibaki kivuli, lilowe tena na urudi juani kesho yake. Kwa nguo ya rangi, fuatilia, maana jua halichagui: likikaa sana litapausha na kitambaa.

Usipige pasi mpaka doa liishe lote.

Jana hapakuwa na kitu, leo kuna doa la kahawia

Hili ndilo doa linalowaliza watu wa pwani na watu wa migombani sawasawa. Utomvu wa mgomba, maji ya bibo, utomvu wa embe na maji ya dafu vina tabia moja: huingia kwenye nguo bila rangi, au kwa rangi hafifu usiyoiangalia mara mbili, kisha hewa ikavigeuza kahawia na baadaye karibu na weusi. Ni badiliko lile lile linaloifanya ndizi mbichi iwe nyeusi ukishaimenya. Mtoto anarudi nyumbani amekula mabibo, shati linaonekana safi, unalikunja. Siku ya kulivaa unakuta ramani kifuani.

Dawa hapa ni muda. Ukijua kwamba nguo imeguswa na utomvu, ishughulikie siku hiyo hiyo hata kama huoni kitu. Utomvu wa mgomba una kinachonata pamoja na kile kinachotia rangi, kwa hiyo huondolewa kwa hatua mbili. Kwanza uufikiche kwa mafuta ya kupikia, au kwa mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, ukiwa nje na mbali na jiko, ili unato ulegee. Kisha ondoa mafuta hayo kwa sabuni ya kuoshea vyombo, ndipo ufue kwa sabuni ya unga. Nguo iliyoguswa na mafuta ya taa isuuze hadi harufu iishe kabisa kabla ya kuisogeza karibu na pasi au moto. Maji ya dafu, bibo, chai na kahawa havina unato mwingi. Maji baridi mengi na sabuni ya unga au ya maji hutosha yakitumika mapema. Sabuni ya mche si rafiki wa madoa ya aina hii mwanzoni, kwa sababu magadi yaliyomo huyakoleza. Itumie baada ya doa kupungua.

Doa la utomvu la wiki kadhaa kwenye pamba nyeupe bado lina matumaini. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa maduka ya dawa, ikipakwa na kuachwa nusu saa, hulipunguza hatua kwa hatua. Jiki iliyochanganywa na maji mengi nayo husaidia, ila chagua moja kati ya hizo mbili, usizichanganye. Kwenye nguo ya rangi, utomvu wa mgomba uliokomaa mara nyingi hautoki, na nitakuwa mwongo nikikuahidi vinginevyo. Wakulima wa ndizi wa Kagera na Kilimanjaro wanaotenga nguo za shambani wanajua wanachokifanya.

Kuna ndugu wa doa hili: tone la soda au juisi lililokauka bila kuonekana, likaja kuwa kahawia chini ya pasi. Hapo ni sukari iliyoungua. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, na kabla ya kupiga pasi nguo iliyovaliwa sherehe, ifue hata kama inaonekana safi.

Nguo zimetoka kwenye kufuliwa na vidoa vya rangi ya machungwa

Hazikuingia nazo, zimetoka nazo. Hiyo ni kutu, na imetoka kwenye moja ya sehemu nne: karai au ndoo ya bati iliyochubuka, waya wa kuanikia, kibanio chenye springi iliyoliwa, au maji yenyewe. Kujua ni ipi si kazi ngumu. Vidoa vikiwa kwenye mstari mmoja, ni waya. Vikiwa viwili viwili mabegani au kiunoni, ni vibanio. Vikiwa nguo nzima kama ukungu wa njano, ni maji ya kisima yenye chuma.

Maji hayo yanadanganya. Yakitoka kisimani yanakuwa maangavu, kwa sababu chuma kimeyeyuka ndani yake. Yakikaa na hewa hugeuka ya njano na kutuama machicha mekundu chini ya ndoo. Ukitia jiki, badiliko hilo hutokea pale pale, juu ya nguo. Kwa hiyo mtu anatia jiki kuondoa unjano, nguo inazidi kuwa njano, anaongeza jiki. Acha. Teka maji jioni, yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa juu mpaka asubuhi, kisha chota ya juu taratibu bila kutibua ya chini. Hayo ndiyo ya kufulia nguo nyeupe.

Kutu iliyokwisha kuingia huondolewa kwa uchachu. Kamulia ndimu au limau juu ya doa, nyunyiza chumvi, anika juani hadi ikauke, suuza, rudia. Ndimu ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto kidogo ina nguvu zaidi kwa pamba nyeupe.

Na hapa pana hatari ya kweli. Kama nguo ilikuwa na jiki, isuuze kwa maji mengi mara kadhaa kabla ya kuigusa na ndimu au siki. Jiki ikikutana na tindikali yoyote, pamoja na dawa nyingi za kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine mbaya vilevile. Mkojo uliokaa una amonia, kwa hiyo nepi za kitambaa zisuuzwe vizuri kabla ya kutiwa jiki. Ukianza kukohoa au macho kuwasha bafuni, toka nje kwanza. Beseni utalirudia baadaye.

Nguo nyeupe zinazidi kuwa za kijivu, tena ngumu

Ukifua kwa sabuni ya mche na povu haliji, maji yakawa na utando mweupe unaoelea na kugandia ukingoni mwa beseni, tatizo ni maji. Visima vingi vya Unguja na Mombasa vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Chokaa hiyo huishika sabuni na kutengeneza utando usioyeyuka, nao hujipenyeza kwenye nyuzi pamoja na uchafu. Nguo inafubaa, taulo linakwaruza. Angalia birika lako: likiwa na magamba meupe ndani, maji yako ni ya aina hiyo.

Yapo mambo matatu yanayosaidia, na la kwanza ni kuhamia kwenye sabuni ya unga kwa kazi ya kuloweka, kwa kuwa haigandi na chokaa kama ya mche. La pili ni magadi: kijiko kimoja cha chakula kwenye ndoo ya maji, koroga, acha dakika kumi, kisha ndipo utie sabuni. Chokaa itajitenga na sabuni itafanya kazi yake. Ni magadi yale yale ya kulainishia maharage. Usiyatumie kwa hariri wala sufu. La tatu ni maji ya mvua. Mvua ikinyesha, kinga maji kwa ajili ya nguo nyeupe kabla ya kitu kingine chochote, maana hayana chokaa kabisa.

Kama maji ni mazuri na nguo bado ni ngumu, basi hujasuuza vya kutosha. Jaribu hivi: chovya taulo "safi" kwenye beseni la maji matupu, ulikamue. Povu likitoka, umekuwa ukivaa sabuni. Weka nusu kikombe cha siki kwenye ndoo ya suuzo la mwisho kwa mara mbili tatu, na litalainika.

Bluu haisafishi. Inafunika unjano kwa macho, na kwenye kanzu iliyosuuzwa vizuri inapendeza kweli. Tatizo ni mabaka. Ifunge kwenye kitambaa, uizungushe ndani ya maji hadi rangi iwe sawa kila mahali, ndipo uingize nguo ikiwa imekunjuliwa na imelowa tayari. Usiiache ikae humo. Ukipata mabaka ya bluu, loweka kwenye maji yenye siki, suuza, rudia.

Nimetia jiki, shati limekuwa njano zaidi

Ukiachilia mbali chuma kwenye maji, sababu ya kwanza ni kitambaa: nguo zenye mpira wa kuvutika, hariri, sufu, na baadhi ya vitambaa vilivyotiwa dawa ya kuzuia mikunjo hugeuka njano vikiguswa na klorini. Unjano wa namna hiyo ni wa nyuzi zenyewe, hautoki. Sare za shule za tetroni zina mchanganyiko wa poliesta na pamba. Jiki nyingi huila pamba na kuacha shati jembamba linalochanika viwiko.

Sababu ya pili ni makwapa. Unjano wa makwapani hutokana na jasho likichanganyika na alumini iliyomo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho, na jiki huukoleza. Loweka sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, kwa nusu saa. Suuza. Kisha paka sabuni ya vyombo pamoja na peroksaidi ya asilimia 3 ikiwa nguo ni nyeupe, sugua kwa mswaki laini, acha nusu saa, ufue. Na dawa ya kwapa iache ikauke mwilini kabla ya kuvaa shati. Inazuia zaidi ya inavyoonekana.

Kola nyeusi ni jambo jepesi: ni mafuta ya ngozi. Shampuu au sabuni ya vyombo, dakika kumi, mswaki, basi.

Damu imekuwa ya kahawia na haisogei

Mara nyingi ni kwa sababu ilioshwa kwa maji ya moto. Damu ni protini, na joto huigandisha ndani ya nyuzi. Damu mbichi: maji baridi, tena baridi, yakibadilishwa hadi yawe safi, ndipo sabuni. Damu kavu: loweka kwenye maji baridi yenye chumvi saa kadhaa. Kwa pamba nyeupe, tone la peroksaidi litatoa povu juu ya doa. Futa, weka jingine. Maziwa, yai na matapishi ya mtoto hufuata kanuni hiyo hiyo ya ubaridi kwanza. Chai ya maziwa nayo, kwa sababu ya maziwa.

Vidoadoa vyeusi visivyotoka, na harufu ya uvundo

Masika yakikaza, nguo hukaa siku mbili kambani bila kukauka, na kuvu huota. Uvundo peke yake bado ni mapema: fua upya kwa maji ya moto kiasi kitambaa kinachoweza kuvumilia, suuza kwa siki, anika penye upepo. Nusu ya uvundo huanzia kwenye beseni. Nguo zilizolowekwa usiku kucha kwenye joto la pwani huvunda kabla ya kufuliwa. Saa moja au mbili zinatosha.

Vidoadoa vyeusi ni kuvu yenyewe imeingia ndani. Pamba nyeupe tu ndiyo ya kutia jiki iliyozimuliwa, na uisimamie kwa macho dakika tano hadi kumi. Kwa nguo ya rangi, ndimu na chumvi juani, mara kadhaa, na uwe tayari kubakiwa na kivuli. Piga brashi ukiwa nje, usiivute hewa yake.

Kwa kuwa tuko kwenye kuanika: usitandaze nguo mbichi chini kwenye mchanga, hata siku ya kamba kujaa. Kuna nzi anayetaga mayai hapo na kwenye nguo zenye unyevu zilizo kivulini, na funza wake huingia ngozini, hasa kwa watoto wachanga. Pasi ya moto, ikipita kwenye pindo na mishono, huyaua mayai. Nepi na nguo za mtoto mchanga zipigwe pasi bila kujali uchovu.

Khanga mpya imechuja na kupaka nguo nyingine

Usiianike hiyo nguo iliyopakwa. Rangi ikiwa bado mbichi hutoka, ikikauka hushika. Irudishe mara moja kwenye maji yenye sabuni ya unga, badilisha maji kila yanapobadilika rangi, endelea hadi yawe meupe. Kama ni pamba nyeupe tupu, malizia na jiki iliyozimuliwa.

Kuhusu chumvi kwenye khanga mpya, najua tumelelewa nayo. Chumvi haifungi rangi ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani. Kinachosaidia ni yale maji baridi yanayoendana na chumvi: yanaondoa rangi iliyozidi. Fua khanga mpya peke yake, kwa maji baridi, mara tatu za mwanzo, anika kivulini, upande wa ndani ukiwa nje.

Mengine, kwa haraka

Wino wa kalamu ya biki: weka kitambaa cha zamani chini, dondoshea spiriti, gandamiza bila kusugua, hamisha kitambaa kila kinapolowa wino. Spiriti huwaka moto, kwa hiyo si jikoni. Mafuta ya chakula: nyunyiza poda ya mtoto au unga wa mahindi, acha unyonye, pangusa, kisha sabuni ya vyombo. Grisi na lami: zilegeze kwa mafuta ya kupikia kwanza, ndipo sabuni. Bazoka na nta: zigandishe kwa barafu, uzibandue. Tope: liache likauke kabisa, lipige brashi, ndipo maji. Tope bichi likisuguliwa huzama.

Doa likiacha duara baada ya kukauka, ulilisafisha kuanzia katikati. Anzia nje ukielekea ndani, ukipitia upande wa nyuma wa kitambaa, kisha lowesha sehemu nzima ili ikauke kwa pamoja.

Kanzu yenye darizi ya hariri, kofia ya kushonwa kwa mkono, buibui la kitambaa usichokijua: hizi zipeleke kwa dobi kabla hujajaribu chochote. Ukimpelekea, mwonyeshe doa, mwambie limetokana na nini na lina siku ngapi. Na kama ulishapaka kitu nyumbani, mtajie ni nini hasa, hasa kama kilikuwa jiki, kwa maana asipojua anaweza kuanza na ndimu.